Kifaa Sikioni mwa Fundi Saa

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo mweupe. Goti langu lingali linalalamika, lakini viungo vingine vinatii amri. Natumaini wewe na shemeji mu wazima, na kwamba kikohozi chako kimekoma. Usiniandikie kwamba kimekoma ilhali hakijakoma.

Nina habari ya Fundi Saa. Unajua kwamba tumecheza sataranji kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa, katika chumba cha nyuma cha duka lake, na ushindi ulikuwa wangu. Tangu wanawe wamnunulie kifaa kidogo cha kumsaidia kusikia, amenifunga mara sita mfululizo. Mtu aliyekuwa akipoteza malkia kama mtoto apotezavyo kalamu! Nikajiuliza: kifaa kile kinamnong'oneza nini?

Binti yako, tangu aje kukaa kwangu, huipitisha michezo yake ya sataranji kwenye kompyuta ili ajue alipokosea. Nilimpa daftari langu ninamoandika kila hatua tunayocheza, akaingiza hatua zote za michezo ile sita. Kompyuta ikatia alama nyekundu kila palipokosewa, kama nilivyofanya darasani, na nyingi zilikuwa zangu. Alisema kompyuta isingecheza ovyo kama Fundi, ila jambo moja lilimshangaza: Fundi alikwepa mitego kabla sijaitega. "Mjomba, huyu ni kama anaona daftari lako kabla hujaandika."

Hayo yalinitosha. Jumamosi iliyofuata, mbele ya kinyozi na mshona viatu waliokuja kutazama, nilimwamuru Fundi akitoe kifaa, akiweke mezani. Kinyozi akasema labda mle ndani amejibana bingwa wa dunia. Fundi hakucheka. Alisema taratibu, "Mwalimu, mimi nakusikia wewe tu." Nikadhani ananiahidi utii, nikamsahihisha: anayemtii mwenzake humsikiliza, hamsikii tu. Akakusanya kete, akafunga sanduku. Hii ni wiki ya tatu mlango wa nyuma haujafunguliwa.

Jana binti yako alinikalisha mbele ya kompyuta nijifunze kuzipunguza alama zile nyekundu. Nilipoanza kufikiri, alicheka hadi akashika mbavu. Nilipomkemea, aliniuliza kwa nini namtangazia adui mipango yangu yote. Kumbe mimi husema kwa sauti, mdogo wangu! Nifikiripo, mdomo hutamka: farasi aende pale, akimla, ngome inamfunga mfalme. Miaka kumi na tisa nimeyatamka hayo mbele ya masikio mazito, na hakuna aliyenisahihisha.

Nakiri kwako kabla sijakiri kwake. Kifaa kilimnong'oneza kweli, kwa sauti yangu mwenyewe. Fundi alinistahi, hakutaka kunifafanulia mbele ya kinyozi. Alisema "nakusikia", na neno lilikuwa sahihi. Aliyekosea ni msahihishaji.

Kesho ni Jumamosi. Nitabisha hodi mlango wa nyuma. Akifungua, nitasema kwa sauti kubwa, hata kama amekivua kifaa, kwamba nilimsingizia. Akinikaribisha ndani, nitafumba mdomo, tucheze.

Mfikishie shemeji salamu zangu, nawe uimalize dawa yako ya kikohozi.

Mimi kaka yako,
Mwalimu