Nilichomwambia Daktari

Jumapili, 9 Februari 1975

Nimemdanganya mama na nimemdanganya daktari, siku moja, chumba kimoja. Sijamwambia mtu. Naandika nione kama jambo hili linaandikika.

Ijumaa, kabla mama hajaruhusiwa kutoka hospitali ya misheni, daktari alituita ofisini. Ni Mzungu, Kiswahili chake amekisoma kitabuni. Mama naye anajua cha gulioni tu — bei, salamu, nauli ya basi. Kwa hiyo mimi nikakaa katikati, niwe mdomo wa wote wawili.

Daktari alisema titi limekatwa vizuri na kidonda kimefunga. Lakini kansa huenda imeacha mbegu mwilini, ndogo, hazionekani. Kuna dawa. Inapigwa mshipani kila baada ya wiki tatu, mara sita. Itamtapisha. Nywele zitamtoka. Halazimishwi, ila yeye daktari angeshauri akubali. Akasema nimweleze vizuri, kisha nimjibu yeye mama anavyotaka mwenyewe.

Nilimweleza kwa Kinyaturu. Sikuruka kitu. Ningekuwa nimeruka labda nisingejisikia vibaya hivi.

Mama dawa hiyo alikuwa ameshaiona. Aliyelala kitanda cha pili yake, Kuluthumu wa Manyoni, alipigwa sindano hizo. Kutwa anatapikia beseni, anaita mama yake — mtu mwenye wajukuu. Mama alifikiri kidogo, akaniambia:

"Mwambie nimeshamwachia alichokitaka. Mwambie namshukuru. Sasa nataka kwenda kwangu."

Nikamgeukia daktari. Kalamu iko mkononi tayari, anatabasamu. Sista Theodora, muuguzi, amesimama mlangoni na trei yake. Nikasema, amekubali.

Kisha nikamgeukia mama. Nikamwambia daktari ameruhusu twende, ila kwanza sindano ya kidonda, kisioze, na tutarudi kupigwa nyingine. Akatoa mkono wake.

Nilitaka asife. Hiyo ni kweli. Lakini pia niliona haya kumwambia Mzungu hapana usoni. Sijui lipi lilitangulia. Kama ni haya tu, basi mimi ni mtu wa namna gani?

Jumanne, 11 Februari

Mama anatapika tangu jana. Kule kwetu kwa zamani nyumba zilikuwa mbalimbali, ungeweza kuumwa na asijue mtu. Hapa kijijini tumepangwa mstari, ukuta kwa ukuta. Mama Antipasi wa nyumba ya pili anasikia kila kitu. Ameuliza kutoka upande wa pili wa ua kama mama yetu ana mimba uzeeni. Wakacheka na wenzake.

Mama akaniuliza mimi ni nini hiki. Nikasema ni unga wa njano. Kijiji kizima kinaulalamikia unga huo wa msaada, unavuruga matumbo, kwa hiyo aliniamini mara moja. Akamwambia baba kuanzia leo yeye apikiwe mtama uliobaki. Mtama wenyewe ni debe nusu. Baba akasema apikiwe.

Sasa sisi wote tunakula unga wa njano, na mtama anautapika mama.

Ijumaa, 28 Februari

Sindano ya pili. Balozi wa nyumba kumi alimpa mama ruhusa ya kutokwenda shamba la ujamaa. Ndani ya basi mama ameniegemea njia nzima. Daktari amesema mama yangu ni jasiri, nimwambie. Nimemwambia amesema kidonda kizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Padri amekuja kuungamisha kwa ajili ya Kwaresma. Nilipanga mstari tangu saa tatu. Nilijisemea moyoni nilivyotaka kusema, mara nyingi, mpaka ikawa kama shairi la shuleni. Nilipopiga magoti nikataja uvivu, hasira, na kumjibu baba vibaya. Akanipa sala tatu za Salamu Maria. Nikazisali. Nikatoka nikiwa mchafu kuliko nilivyoingia.

Felista, tuliyemaliza naye darasa la saba, ameniambia nina bahati kwa kuwa mama yangu ametibiwa na Wazungu. Mama yake alifariki kwa ugonjwa huohuo. Hakufika hata zahanati. Nikamwambia asante. Asante ya nini?

Jumatano, 12 Machi

Amejua.

Alikaa chini mbele ya nyumba, kichwa kati ya magoti yangu, nimfumue nimsuke upya. Msuko wa kwanza ukabaki mkononi mwangu mzima mzima, na mizizi yake. Nikauficha chini ya kanga. Wa pili nao. Nikasema nywele zimekauka, zinataka mafuta. Mama akanyoosha mkono nyuma, akavuta mwenyewe. Akautazama ule msuko muda mrefu.

Akasema Kuluthumu nazo zilimtoka hivi, kuanzia utosini.

Akauliza bila kugeuka:

"Siku ile nilikuambia umwambie nini?"

Nikarudia maneno yake, yote, nimeshamwachia alichokitaka, namshukuru, kwangu. Akauliza na mimi nikasema nini. Kuku walikuwa wakiparua pale mbele yetu, nikawatazama. Kisha nikasema. Neno moja tu, na lilinichukua muda mrefu kuliko insha.

Nilidhani atanipiga. Afadhali angenipiga. Alisema tu:

"Nilikupa mdomo wangu, Marietha."

Kisha akaniagiza wembe. Nimemnyoa mimi. Kichwa chake ni kidogo, sikujua. Ana kovu nyuma ya sikio, sikujua pia.

Alhamisi, 13 Machi

Kwetu mwanamke hunyoa kichwa akifiwa. Leo kisimani kitambaa cha mama kimeteleza. Mama Antipasi akasema kwa sauti, "Mwenzangu, unamlilia nani? Au baba Marietha umeanza kumzika akiwa hai?" Wanawake wakacheka, ila si wote. Mama akafunga kitambaa, akajitwika ndoo kwa mkono mzima.

Kufika nyumbani habari imeshamfikia baba. Nikafikiri sasa mama atasema yote. Alimwambia tu ni dawa ya hospitali inayotoa nywele. Baba akatoka, akasimama uani kwetu, akasema ili Mama Antipasi asikie: ile ni dawa ya hospitali, na mke wake ameichagua mwenyewe kwa akili zake timamu, na anaivumilia kuliko mwanamume.

Ameichagua mwenyewe! Mama alikuwa anapepeta. Ungo haukusimama. Hakunitazama.

Na hapo ndipo nilipokwenda kukaa chooni mpaka mende wakanizoea.

Jumatano, 19 Machi

Siku sita mama ameongea nami ya lazima tu. Lete maji. Funga mbuzi. Leo, baba akiwa kwenye mkutano wa kijiji, aliniita jikoni.

Akasema Ijumaa ataingia kwa daktari peke yake. Mimi nitakaa nje kwenye benchi. Nikasema Kiswahili chako, mama. Akasema, "Ndiyo maana nimekuita."

Alitaka sentensi tatu. Ya kwanza: nataka kuendelea na dawa. Ya pili: nataka kuacha dawa, nirudi kwangu. Ya tatu: nikiacha, nitaishi muda gani? Nikamuuliza atatumia ipi kati ya zile mbili. Akasema hiyo si kazi ya mwalimu.

Tulianza. Anarudia huku akikoroga uji, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza, na mara moja alicheka mwenyewe kwa jinsi mdomo ulivyomkataa. Sijamsikia akicheka tangu Januari. Nikacheka naye.

Sasa niandike nilichofanya. Sentensi ya kwanza nilimrudisha mara ishirini, mpaka ikatoka nzima bila kujikwaa. Ya pili nilimsemesha mara mbili. Alikwama katikati mara zote mbili. Nikasema inatosha, mama, umeweza.

Ya tatu nilimwambia sijui inasemwaje kwa Kiswahili sanifu. Mimi, niliyekuwa wa kwanza kwa Kiswahili miaka mitatu mfululizo! Akanitazama. Akasema basi, nitamuuliza kwa vidole.

Nilikuwa nimeshatubu, wiki nzima nimelia. Na jiko lilikuwa halijazimika nikafanya tena.

Ijumaa, 21 Machi

Benchi la hospitali. Daftari liko magotini. Mama ameingia sasa hivi. Ndani ya basi midomo yake ilikuwa inacheza njia nzima, nami nilitazama dirishani nisijue anafanya mazoezi ya ipi. Mlangoni alinipa kikapu nimshikie, akavuta kanga ikafunika upande ule uliokatwa, akafunga mlango mwenyewe.

Ukuta ni mwembamba. Daktari amemwamkia. Mama ameitikia vizuri.

Kiti kimeburutwa.

Sasa anasema. Namjua kwa sauti. "Nataka." Halafu amekwama.

Anaanza tena. "Nataka..." Amekwama palepale.

Daktari amemwambia pole mama, sijaelewa, sema taratibu. Ya kwanza asingekwama. Ya kwanza anaijua kama Baba Yetu. Ee Mungu, anatafuta ile nyingine, na haipo, kwa sababu sikumpa.

Sasa ameacha Kiswahili. Anasema Kinyaturu, yote, haraka, kwa sauti ya kwake ya nyumbani. Mimi nimeielewa yote hapa nje. Daktari hajaelewa hata neno.

Mlango umefunguliwa. Sista Theodora anauliza mtoto wa huyu mama yuko wapi, aje amtafsirie. Nimemwambia nakuja, namalizia mstari. Mama amekaa kwenye kiti, amenipa mgongo. Hageuki. Daktari ameshika kalamu.

Daftari langu, haya ya jikoni yabaki kwako. Mama asiyajue, baba asiyajue, na nitakachosema humo ndani sasa hivi, hata kama hutakiamini, usimwambie mtu.