Wiki ya Ekra Nyeusi

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa kumi

Nimeingia biro, ofisini kwangu, saa moja na nusu, kama kawaida. Nimepangusa vumbi kwenye serveri, nimeangalia betri, nimewasha ekra, skrini ya chumba cha picha. Jina: limekubaliwa. Neno la siri: limekubaliwa. Halafu nyeusi. Dakika nzima nyeusi, kisha maandishi kwamba muunganisho umekatika.

Nimejaribu mara sita. Kila mara hivyo hivyo.

Niandike mambo yalivyopangwa, maana nikichoka huwa nachanganya. Picha zote za eksirei za wagonjwa wa kituo chetu cha afya zinawekwa kwenye mashine kubwa ya makao makuu, Bukavu. Sisi huku Uvira tunazifungua kwa mbali, kupitia lango moja la mtandao. Programu inayopita langoni nimeifungia ndani ya kontena, yaani kisanduku cha programu kinachojitegemea ndani ya serveri yetu, ili virusi vya flash za watu visiifikie. Lango halipokei kingine chochote ila kisanduku hicho. Nilikitengeneza mwenyewe mwaka jana. Nilijivuna sana.

Ijumaa kilifanya kazi. Jumamosi Papa Ramazani, fundi wetu wa umeme, alifunga antena mpya juu ya paa. Leo hakifanyi kazi. Nani atahitaji kuumiza kichwa hapo?

Nimeandika kwenye rejista ya hitilafu: "Sababu: antena haikufungwa vizuri." Nimetia sahihi.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Ugali, sombe ya majani ya muhogo, ndagala wa ziwani. Nimelala mapema.


Jumanne, tarehe 10

Dokta Byamungu, mkurugenzi wetu, amesoma rejista kwenye mkutano wa asubuhi, kwa sauti, mbele ya wafanyakazi wote. Sikutegemea. Kwa kawaida anaisoma peke yake.

Papa Ramazani alikuwa amekaa karibu na dirisha. Ana miaka hamsini na saba, yuko kituoni tangu siku ya kwanza. Hakukasirika. Aliniangalia tu.

"Mama Mapendo, antena iko sawa. Taa zote iko kijani. Tatizo iko kwenye mashine yako."

Nikajibu kwamba mashine yangu haikuguswa na mtu. Dokta akakata maneno: apande tena.

Amepanda. Amefungua kila skrubu, amefunga upya, ameshuka ameshika goti. Ekra bado nyeusi.

Saa nne amekuja mama mmoja kutoka Bwegera, Mama Nabintu, mkulima wa mpunga. Kikohozi wiki tatu. Picha mpya inaonyesha doa kwenye pafu la kulia. Dokta ameliangalia muda mrefu. Miaka mitatu iliyopita mama huyu alipigwa picha hapa hapa kwetu. Kama doa lilikuwepo wakati ule na halijakua, ni kovu la ugonjwa wa zamani, basi. Kama halikuwepo, lazima apasuliwe kifua, na kazi hiyo inafanywa ng'ambo, Bujumbura. Hospitali ya kule imempa nafasi Jumamosi. Akiikosa, hatujui atapata lini nyingine.

Picha ya zamani iko Bukavu. Nyuma ya ekra nyeusi.

Dokta ameniambia tuna mpaka Ijumaa saa sita. Tusipoiona, mama anavuka.

Nimempigia simu Justin, anayesimamia lango kule Bukavu. Anasema lango lake ni zima, vituo vingine vinaingia bila shida. Nimemwomba atume picha kwa simu. Amekataa, sheria inakataza. Dokta naye ameniambia hata ikitumwa haitamfaa. Picha ya simu inabanwa, na doa la milimita chache haliwezi kupimwa humo.

Mama Nabintu amekaa kwenye benchi la korido siku nzima. Anasema miche ya mpunga wake iko tayari kuhamishwa shambani na hajui nani ataisimamia. Ya kifua chake hajaniuliza neno.


Jumatano, tarehe 11

Nimeanza kukagua kitu kimoja kimoja nikiwa ndani ya kontena.

Jina la lango: kontena inalijua. Saa: sawa na ya Bukavu, haijapishana hata dakika. Cheti cha usalama: hakijaisha. Mlango wa lango: unajibu. Kila nikigonga, nasikia sauti. Nikiomba kuingia, kimya.

Nimeifuta kontena na kuijenga upya kutoka kwenye faili zangu. Saa mbili za kazi. Nyeusi.

Nimechukia kila kitu. Nimemchukia na Justin.

Papa Ramazani alipita na ngazi begani. Nilikuwa nimemwambia Dokta kwamba pengine antena imeelekea vibaya kidogo. Pengine. Neno hilo nilisema mimi, bila kipimo chochote, kwa sababu sikuwa na lingine la kusema. Dokta akamtuma apande mara ya tatu, ukihesabu na ile ya Jumamosi.

Manyunyu yalikuwa yameanza. Mabati yalikuwa na maji. Alipokuwa anashuka ngazi iliteleza ukutani, akaanguka kutoka karibu na paa. Nilisikia kishindo nikiwa mbele ya ekra. Nilidhani ni mlango.

Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika. Wamempiga picha kwenye chumba kile kile, wakamfunga plata, bandeji ngumu ya jasi, kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Uso wake ulikuwa kama majivu. Nikamwambia pole. Akasema:

"Minye nimepanda mara tatu, mama. Sikuona kitu. Weye unaandika tu."

Pikipiki ikampeleka kwake Mulongwe. Aliketi nyuma ya dereva, mkono umeinuliwa kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema.

Sijisikii vizuri. Niliendelea kufanya kazi mpaka jioni na sikumbuki nilifanya nini.


Alhamisi, tarehe 12

Niliamka na wazo moja. Nilikuwa napima kama lango linajibu. Sikuwa nimepima linajibu kitu cha ukubwa gani.

Data inasafiri kwa vifurushi. Nikatuma kifurushi kidogo kutoka ndani ya kontena: kimejibiwa. Kikubwa zaidi: kimejibiwa. Nikaongeza polepole, nikihesabu kwa baiti. 1400, kimepita. 1500, kimya. Nikarudia. 1400, kimepita. 1500, kimya. Jina na neno la siri ni vitu vidogo, ndiyo maana vinakubaliwa. Picha inakuja kwa vifurushi vikubwa. Ndiyo maana nyeusi.

Nikatoka kwenye kontena, nikaangalia serveri yenyewe. Imepangwa 1400. Nani ameipanga? Antena mpya. Aina hii inapitisha vifurushi vidogo kuliko ile ya zamani. Si ubovu, ndivyo ilivyotengenezwa. Ilipofungwa tu Jumamosi iliiambia serveri, serveri ikajirekebisha. Kontena haikujirekebisha.

Nikafungua faili la kontena kutafuta kwa nini. Mstari wa kumi na nne. Ukubwa wa vifurushi: 1500. Umeandikwa kwa mkono. Na pembeni maneno yangu mwenyewe ya mwaka jana: "Usibadilishe. Mapendo."

Nilikuwa sikumbuki hata kidogo. Niliukaza mimi, siku fulani, kwa sababu fulani niliyoiona nzuri. Na jana nilipoijenga upya, niliijenga kutoka kwenye faili hilo hilo. Kosa likarudi pamoja nayo.

Nikafuta 1500, nikaandika 1400. Nikawasha upya. Jina. Neno la siri. Ekra ikafunguka, orodha yote ya wagonjwa. Saa tisa na dakika ishirini.

Nilikaa dakika mbili bila kumwita mtu.

Kisha nikamwita Dokta. Akaitafuta picha ya miaka mitatu iliyopita, akaiweka kando ya ile mpya. Doa lilikuwepo. Mahali pale pale. Akapima, akapima tena, akamwita daktari mwenzake naye akapima. Halijakua. Kovu. Kikohozi cha sasa ni cha kawaida, atapewa dawa.

Dokta alimwambia mwenyewe, kwenye korido. Mama Nabintu akauliza:

"Kwa hiyo hawanipasui?"

"Hapana, mama. Urudi nyumbani."

Akajifunika uso kwa kitenge. Halafu akauliza kama bado kuna gari la kwenda Bwegera.

Dokta akanipiga bega. Akasema, "Umeishinda antena ya Ramazani!" Wauguzi wakacheka na kupiga makofi.

Nikatabasamu.

Sikusema kitu. Naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine nilipoandika. Nilikuwa na nafasi ya kusema, midomo yangu ikatabasamu. Hakuna mtu atakayefungua faili lile. Mstari wa kumi na nne unaeleweka na mimi tu na pengine Justin. Papa Ramazani yuko kwake, mkono kwenye plata, na kituo chote kinaamini antena yake ndiyo iliyotutesa.




Ijumaa, tarehe 13

Kwenye mkutano wa asubuhi niliomba kusema kabla Dokta hajaanza.

Nilisoma nilichoandika. Kwamba antena ilifungwa vizuri tangu siku ya kwanza. Kwamba kosa lilikuwa kwenye kontena, kwenye mstari niliouandika mimi. Kwamba niliandika sababu kabla ya kupima. Kwamba Papa Ramazani alipanda juu ya paa mara ya pili na ya tatu kutafuta kitu ambacho hakikuwepo, na mkono wake umevunjika kwa sababu ya maneno yangu.

Muuguzi mmoja akaangalia viatu vyake.

Dokta akavua miwani. Hakunigombeza. Akasema kwamba yeye ndiye aliyemtuma kwenye paa lenye maji, na yeye ndiye aliyesoma rejista kwa sauti, kwa hiyo hilo tutagawana. Nilitamani angenigombeza.

Nikamwomba atoe karatasi ya Jumatatu kwenye rejista. Akakataa. Amesema karatasi haitoki, itawekwa ya pili nyuma yake. Atakayesoma atasoma zote mbili. Ni sawa. Ila najua watu wanavyosoma. Wengi wanaishia kwenye ya kwanza.

Mchana nimeondoa namba kabisa kwenye faili, ili kontena iulize serveri kila inapowashwa. Nimejaribu kuzima na kuwasha mara nne. Inafanya kazi.


Jumapili, tarehe 15

Baada ya misa nimekwenda Mulongwe. Mto umejaa kidogo, maji ya rangi ya udongo. Nilibeba samaki, mikeke miwili mikubwa kutoka mwaloni.

Mke wake, Mama Aziza, alinipokea. Alichukua samaki, akasema asante, akaenda nyuma. Hakurudi kukaa nasi. Namwelewa. Anamfungia mume vifungo vya shati sasa, anamkatia chakula.

Papa Ramazani alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, mkono juu ya mto wa kulalia. Habari alikuwa nazo tayari, wauguzi walimpigia simu Ijumaa ile ile. Nikasema yote upya hata hivyo. Nilimweleza vifurushi, 1400, 1500, mstari wangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja: je, antena ingekuwa ya aina ile ya zamani, kosa lingeonekana? Nikasema hapana, lingekaa pale miaka. Akatikisa kichwa.

Nikasema, "Unisamehe, papa."

Jirani alikuwa anatwanga kitu.

"Minye sina shida na weye, mama. Lakini siku ingine uniulize mbele ya kuandika. Minye niko kwenye biro ya karibu, hatua kumi tu. Hukuja hata mara moja."

Ni kweli. Hatua kumi. Nilikwenda kwa Dokta, nilimpigia Justin aliyeko Bukavu. Kwake sikwenda.

Nimekunywa chai niliyoletewa. Haikuwa na sukari. Sijui kama ni kusahau.


Jumatano, tarehe 25

Papa Ramazani amerudi leo. Plata bado, lakini anasema amechoka kukaa. Dokta amempa kazi ya kusimamia tu, asipande popote. Wafanyakazi walisimama kumsalimia mmoja mmoja. Nilikuwa wa mwisho. Alinipa mkono wa kushoto.

Mambo ya kawaida. Wagonjwa kumi na wawili chumba cha picha. Justin ameandika kuomba faili langu ili alitume kwenye vituo vingine. Nimemtumia.

Saa nane betri ya serveri ilianza kulia. Kabla ya kushika waya, nilikwenda kwenye biro yake na kumwuliza. Akaja, akainama kusikiliza. Akauliza umeme wa mjini umekatika mara ngapi leo. Nikamwambia mara tatu. Akafikiri. Nje mvua ilikuwa kubwa na radi ilikuwa inapiga kule milimani.

"Tungoje radi ipite," akasema. "Betri iko na nguvu ya saa moja."

Tukavuta viti barazani, tukaketi kutazama maji yakishuka barabarani. Mvua ilichukua muda kuisha.