Kicheko cha Mama

Jumanne, 8 Juni 1993
Mazoezi tena ya mchezo wangu wa ishara, chumbani kwetu Kariobangi. Ukuta usioonekana, kamba isiyoonekana. Mama akapita katikati ya ukuta wangu na sufuria ya uji. "Mwanangu, mdomo unao. Mbona hutaki kuutumia?" Hajacheka tangu tumzike Baba. Nimemwekea kiti cha mbele kwenye onyesho langu la Jumamosi. Nataka acheke, hata mara moja tu.

Alhamisi, 10 Juni
Ofisi ya leseni. Kila mchezo lazima wausome kwanza. Nikasema wangu hauna maneno. Karani akasema kisichosomeka hakiruhusiwi. Mkubwa wake akaniamuru nicheze pale pale. Nikacheza mtu anayepigwa, nikaanguka kati ya meza. Karani alicheka hadi machozi. Mkubwa hakucheka.
"Na huyo anakupiga ni nani?"
"Hakuna mtu, mzee."
"Namuona. Ako na kofia ya polisi."
Nimenyimwa leseni. Mshenzi. Lakini kofia ameiona! Sijawahi kusifiwa hivyo.

Ijumaa, 11 Juni
Otieno, mpiga ngoma wangu, amejitoa. "Buda, hapo sitaki. Niko na watoto." Simlaumu. Nitacheza bila ngoma, na bila leseni. Naogopa.

Jumapili, 13 Juni
Wamenitoa seli mchana.
Jana ukumbi ulijaa. Mama kiti cha mbele, kitambaa cha kanisa kichwani. Mimi uso mweupe, unga wa ngano. Nilipofika pale pa kupigwa, askari wawili wakapanda jukwaani. Wa kweli. Rungu la kwanza begani. La pili kwenye kifundo cha mkono, nikasikia kitu kikivunjika. Ningelia, watu wangejua. Sikulia. Miaka yote nimejifundisha kwamba nikishapaka unga sitoi sauti, na sauti ikakataa kutoka. Watu wakadhani ni mchezo, wakaangua vicheko. "Ongeza, afande!" Walipiga makofi hadi nilipoburutwa nje. Mjinga mimi.

Jumatano, 16 Juni
Mkono uko kwenye plasta. Naandika kwa kushoto. Daktari anasema vidole viwili havitanyooka tena. Ukuta wangu basi.
Mama amefua shati. Unga ulikuwa umegandana na damu kwenye kola, akasugua muda mrefu. Ananilisha uji kwa kijiko bila kuniangalia usoni. Hajaniuliza kitu, nami sijamwambia kwamba kati ya vicheko vyote vya Jumamosi nilikisikia chake.
Alicheka sana.