Mke Wangu Anasema Popote, na Shule Ziko Mbili

Mshauri wetu, pokea salamu zangu. Sikuandikii kwa sababu nimeachwa au nimefukuzwa. Nyumbani kwangu kuna amani, chakula kipo, mke wangu yuko hapo chumba cha pili anashona na mashine yake naisikia, ila hajui ninaandika nini, na hapo ndipo penye shida yangu.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, nilikuwa mpokea wageni hotelini kwa muda mrefu, kazi ya kuwatabasamia watu wenye mabegi hata kama wewe mwenyewe hujalala, na Kiingereza changu kilinolewa pale pale kwenye meza ya mapokezi mpaka wageni wakawa wananiuliza kwa nini sifundishi, nami neno hilo likaniingia, nikajiandikisha kusomea ualimu wa Kiingereza huku nikiendelea na kazi, nikasoma, nikafeli somo moja, nikalirudia, na mwaka huu nimepata cheti. Siku nilipokileta nyumbani mke wangu alisimamisha mashine akakisoma chote mpaka muhuri, halafu akasema, "Sasa tutafute pa kukipeleka." Maana tangu tuoane ndoto yetu ni moja, kwenda kuishi ng'ambo tukiwa bado na nguvu.

Sasa mke wangu ana dada yake anayeishi huko ng'ambo, katika mji mkuu, na shemeji yangu huyu si wa mchezo. Mama yao alifariki mke wangu akiwa mdogo, dada ndiye aliyemwogesha, akamsuka, akamsomesha, na hata leo akipiga simu swali la kwanza ni umekula nini na la pili ni kwa nini hicho tu. Anafanya kazi katika ofisi ya shule kubwa ya lugha, na aliposikia nina cheti hakungoja nimwombe, alikwenda mwenyewe kwa mkuu wake akanisemea, nikapigiwa simu, nikaulizwa maswali mafupi, nikakubaliwa. Ni jengo refu la vioo, wanafunzi ni wafanyakazi wa makampuni wanaokuja wakitoka kazini, na mwalimu hupewa kitabu na kuambiwa leo ni ukurasa fulani. Shemeji akasema tutakaa kwake mpaka tutakapochoka sisi, akatundika mapazia mapya chumbani na kutuonyesha kwenye simu. Nikasema ndiyo, nikamshukuru sana, ingawa mkataba bado sijautia sahihi.

Lakini kabla ya hayo yote nilikuwa nimepeleka maombi kwenye shule ya sekondari katika mji mdogo wa nchi hiyo hiyo, mbali, mwisho wa njia ya treni, na nilishasahau. Mara mwalimu mkuu wa huko, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, akaniandikia kwamba angependa tuonane kwa video. Nilikusudia kumwambia nimeshapata, asante, lakini mkono ukaandika niko tayari. Tukasogeza vitambaa mezani, mke wangu akakaa pembeni ambapo kamera haimfikii, na yule mama akaniuliza mambo machache tu, halafu akainuka, akaibeba kompyuta yake mpaka darasani, akaiweka mbele ya watoto na kuniambia, "Wafundishe." Nikawatazama, wakanitazama. Binti mmoja wa mbele akauliza kwa nini Waingereza wanaandika herufi wasizozisoma. Nikamwambia ukweli, kwamba nilipokuwa na umri wake niliuliza swali hilo hilo nikaambiwa nikae chini, kwa hiyo mimi simkalishi, tuyatafute maneno yenye herufi hizo pamoja tuone yanafanana wapi, basi wakaanza kuyataja, mmoja akakimbilia ubaoni kuyaandika, wengine wakambishia, nami nikasahau kabisa kwamba nafanyiwa usaili. Tulipomaliza shati alilonishonea mke wangu lilikuwa limeganda mgongoni kwa jasho, naye amejifunika mdomo kwa kitambaa anacheka bila sauti. Kesho yake nikaambiwa kazi ni yangu, pamoja na nyumba ndogo ya chumba na sebule nyuma ya shule, na yule mama akasema mwaka wa kwanza atakuwa akiingia darasani kwangu mara kwa mara, si kunichunga, ni kunisaidia.

Mshauri, mji ule mdogo nautaka mpaka naona haya. Lakini naifikiria ndoa yangu. Mke wangu ana dada mmoja tu duniani, na kule mji mkuu kuna watu wa lugha yetu, kuna wateja wa nguo, na kule mwisho wa treni atazungumza na kuta. Nilimuuliza, "Wewe unataka twende wapi?" Akajibu, "Popote utakaporidhika wewe, mimi nipo." Nikamuuliza siku nyingine, jibu likawa lile lile. Najua hiyo ni kauli ya mtu anayejinyima. Shemeji akituonyesha chumba, yeye husema pazuri dada, ananipa simu na kwenda jikoni, nadhani anaficha machozi ya hamu. Zilipokuja picha za ile nyumba ndogo alichukua simu akazivuta zikawa kubwa, akauliza jua linaingia upande gani, na kama mlango utapitisha meza ya mashine yake. Nilimhurumia jinsi anavyojitahidi kunifurahisha, nikamwambia usijichoshe mke wangu, sisi tunaenda mji mkuu. Akasema sawa. Shule zote mbili zinataka jibu kabla mwezi haujaisha. Je, niimeze tamaa yangu kwa ajili yake, au niwe mbinafsi mara hii moja?

Mwalimu Mpya

JIBU

Mwalimu Mpya, hongera kwa cheti, na hongera zaidi kwa lile somo ulilolirudia. Sasa kaa vizuri nikukaripie.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu kama nyinyi walimu. Umeniambia anachotaka mkeo, kuanzia machozi ambayo hukuyaona mpaka kuta atakazozungumza nazo. Lakini hakuna mahali popote ulipomwambia yeye unachotaka wewe. Mimi nisiyekujua nimeambiwa kwamba mji ule unautaka mpaka unaona haya. Aliyekukatia shati ulilovaa siku ya usaili hajaambiwa. Mficha uchi hazai, bwana.

Halafu tazama ulichokiandika mwenyewe. Mtu anayetamani kuishi kwa dada yake hapokei simu na kumpa mumewe. Mtu asiyeitaka nyumba haulizi jua lake linaingia upande gani, wala hapimi mlango wake kwa macho. Mkeo amesema kwa vidole, kwa maswali na kwa kile kicheko nyuma ya kitambaa, nawe ukamjibu asijichoshe. Ulitaka aseme kwa lugha ipi nyingine? Wewe si ndiye mwalimu wa lugha?

Dada aliyemlea ni mama yake. Sasa niambie, ni mwanamke gani mwenye mume na kazi yake ya mikono anayetaka kurudi kwa mama na kuulizwa kila asubuhi amekula nini? Anaweza kumpenda dada huyo kupita kiasi na bado atake apendwe kwa mbali kidogo. Lakini hawezi kulitamka, kwa sababu siku atakapolitamka ataambiwa fadhila za punda ni mateke. Hivyo anasema popote, na anaomba moyoni kwamba mumewe atachagua sawasawa. Naye mumewe anasubiri mkewe amchagulie. Mtafika lini?

Huenda nimekosea, mimi namsoma mtu ambaye sijamwona. Ukitaka kujua, usimuulize tena anataka nini. Swali lako linaonekana la heshima, lakini unamtwisha mzigo wote peke yake. Tangulia wewe. Mwambie, "Mimi naitaka shule ile ya mji mdogo," ukomee hapo, usiongeze lakini, usimtaje dada. Kisha nyamaza mpaka aseme. Kama atakuambia anamtaka dada yake, utakuwa umelisikia kinywani mwake, na nakuamini utaitumikia hiyo shule ya vioo kwa moyo.

Kuhusu kazi yenyewe, kwa mwalimu anayeanza ningeuliza jambo moja kabla ya mshahara na kabla ya jengo: nani atanikosoa? Shule inayokuambia ukurasa wa leo si mbaya, na wapo wanaoipenda. Ila mwaka wa kwanza unahitaji mtu mzima anayekaa nyuma ya darasa na kukuambia ukweli kwa upole. Huyo umeshampata, na wengi hawampati. Hata hivyo usilewe na picha, kwa sababu paa linalovuja halionekani kwenye picha. Omba mkataba ulioandikwa. Uliza nyumba inakuwa ya nani kazi ikikatika, mkiugua mnatibiwa wapi, na kama kibali cha mkeo kinamruhusu kushona kwa malipo. Tafuta mwalimu mmoja wa pale uzungumze naye bila mkuu wake kuwa karibu.

Mwisho ni shemeji. Mkikubaliana mji mdogo, mpigie wewe, kwa sauti yako. Usimtume mkeo, usijifiche nyuma ya ujumbe wa maandishi. Alilitoa jina lake kwa ajili yako, kwa hiyo ajue mapema, apate kwenda kwa mkuu wake kwa heshima na nafasi hiyo apewe mwingine. Anza na shukrani. Akikasirika, msikilize hadi mwisho na usijitetee. Haya, inuka, acha kuniandikia mimi, kuna mtu anashona chumba cha pili.

Kwa kuwa mwezi ulikuwa unakwisha, jibu hili nilimtumia Mwalimu Mpya kabla halijachapwa. Ameniandikia tena, na kwa ruhusa yake naweka maneno yake hapa.

"Mshauri, nilimwambia asubuhi akiwa anapiga pasi. Nikasema, 'Mimi nautaka ule mji mdogo,' kisha nikanyamaza kama ulivyoniagiza, na kunyamaza kumbe ni kazi ngumu kuliko kufundisha. Aliisimamisha pasi wima. Akauliza, 'Na mbona ulisema tunaenda mji mkuu?' Nikamwambia nilisema hivyo kwa ajili yake. Akanitazama sana. 'Kwa ajili yangu? Mimi nilishaanza kujizoesha kwa ajili yako. Nilidhani unataka lile jengo la vioo.' Akakaa kwenye rundo la nguo za wateja akacheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikakaa naye, na nguo zote tukazikunja upya.

Shemeji nilimpigia siku hiyo hiyo, mke wangu akiwa ubavuni. Nilishukuru, nikamweleza. Akasema nimemuumiza, ameshawatangazia watu kazini, na alikuwa anatungoja kwa hamu. Nilimsikiliza, sikujitetea. Alipomaliza akauliza kama huko kuna zahanati na kama paa nimelichunguza, nikajua hasira inapoa. Halafu akauliza, taratibu, 'Na hapa kwangu mlikuwa mkae mpaka lini?' Nikasema tulifikiria mwaka mmoja. Nikamsikia akishusha pumzi.

'Basi ngoja nirudi kulala chumbani,' akasema. 'Nimehamia sebuleni ili nizoee, na mgongo wote unaniuma.'

Mke wangu akaninyang'anya simu. 'Dada, kumbe kile chumba ni chako?'

'Nyumba ina chumba kimoja,' shemeji akajibu. 'Wewe ulidhani vingapi?'

Mkataba umefika, yote uliyoniagiza nimeuliza, na kibali cha kushona kipo. Tunaondoka baada ya wiki chache. Shemeji ameahidi kupanda treni aje kutuona wakati wa likizo, na ameshaagiza kwamba siku hizo sisi ndio tutakaolala sebuleni."