Muziki Aliowekewa Mama

Jumapili, 1 Juni 2025

Mama kaonekana kwenye TV, kwenye ile tamthilia waliyorekodi kijijini kwetu! Anapita na ndoo kichwani, nyuma yake ndiva yetu, bwawa la kumwagilia mashamba, ukungu wa Suji umetanda kote. Nilipiga vigelegele peke yangu sebuleni.

Halafu nikasikia. Chini ya hatua zake — mlio mzito, unaburuzika, unakuja polepole. Mwili ukanisisimka. Kwa mama yangu mzazi! Kabeba maji tu!

Nikamfuata Joel. Muziki wa tamthilia hii anautengeneza yeye, mume wangu, kwenye chumba cha nyuma, na tangu Pasaka hatujui kama tuna baba humu ndani. Akacheka. Eti ni mudi ya kutisha. Eti watoto wanapotea kijijini, na Muhidin, dairekta wao wa Dar, anataka watazamaji wamshuku bibi jirani mpaka mwisho, kumbe bibi hana kosa.

Nikamwambia, huyo bibi jirani ni mkweo. Akasema ni sauti tu, Doreen, sauti haiui mtu.

Simsemeshi.

Jumanne, 3 Juni

Nimemsemesha. Nimemlazimisha anionyeshe.

Kwanza akazima muziki. Mama anapita na ndoo. Basi — mwanamke wa Suji anateka maji. Akarudisha ule mlio. Mama yule yule, ndoo ile ile, anatabasamu vile vile, na sasa tabasamu linatisha. Akaweka wimbo wa harusi. Mama anawahi shughuli. Anafurahi kweli mwanaume huyu! Utadhani anauza dawa ya meno stendi. "Unaona? Sura yake haisemi kitu. Ninayesema ni mimi."

Ameshaniambia maneno mengi mabaya, lakini hili nimelichukia kuliko yote.

Na ule mlio, nikamuuliza, ni chombo gani? Baragumu! Lile letu la msaragambo, la kazi za kijiji! Alilirekodi walipokuwa wakipiga picha Suji, akalipunguza kasi mpaka likawa la kuzimu. Pembe inayowaita watu wote wakasafishe ndiva kwa pamoja — yeye kaigeuza honi ya mchawi. Kwao Kisiwani huko tambarare labda wanaitana kwa meseji. Nimemtukana yeye na kompyuta yake.

Jumapili, 8 Juni

Sehemu ya pili. Kila mama akitokea, mlio. Hata akimpelekea mfiwa uji — mlio!

Mama kapiga simu baadaye, anacheka. Alikwenda kuangalia kwa Elirehema, rafiki yake wa miaka yote. Anasema katokea vizuri, ila mbona kila akipita kuna ngurumo? Na mbona ilipoisha watu walikaa kimya, hakuna hata aliyemtania?

Nikamwambia ni mitambo.

Jumatano, 11 Juni

Nimepanda Suji na mwanangu Jackline mgongoni kumsaidia mama msaragambo. Bora ningebaki na cherehani yangu.

Baragumu lilipolia asubuhi, watoto wa jirani wakakimbilia ndani wakipiga kelele jina la mama, "Bibi Beatha huyoo!" Wakubwa wakajifanya hawakusikia. Tumetoa tope mpaka mchana, na popote mama alipoinama, pembeni yake palikuwa wazi.

Kisha chakula. Kila nyumba huleta sufuria ya makande, yote yanapangwa pamoja, na kila mtu anachota kidogo kila sufuria. Huruki nyumba ya mtu. Kuruka ni kumtukana. Ya mama huwa inaisha kwanza, kwa sababu ya maziwa anayoyatia.

Leo imerukwa. Mmoja, wa pili, wote! Nikamngoja Elirehema. Akachota, akachota, akafika kwa mama — akajifuta mikono kwenye kanga. Eti ameshiba.

"Umeshibia wapi, mama mdogo? Sahani yenyewe nusu tupu!"

"Tumbo tu, mwanangu. Usinikasirikie."

Nimekasirika! Nimechukua upawa nikala mbele yao, nimesimama, mpaka tumbo likauma. Nikawaambia hakuna mchawi hapa, ni mume wangu na kompyuta yake! Mzee Sefania, ambaye mama ndiye aliyemuuguzia mkewe, akajibu taratibu, bila hata aibu: mkwe anaijua nyumba ya mkwewe, hawezi kumwekea mlio ule bure.

Nikainama kuosha upawa. Mimi!

Mama akafunika sufuria, akajitwisha. Njiani akaniambia nipunguze ukali, watasahau. Sufuria ilikuwa bado nzito.

Jumapili, 15 Juni

Nimemteremsha mama. Yupo hapa Same, kwangu. Jana Sabato kanisani amekaa benchi zima peke yake, akiimba. Alinisimulia kwenye simu kama jambo la kuchekesha, nikamwambia fungasha.

Joel kamsalimia, shikamoo mama, marahaba baba, kisha akakwepa macho. Nikajua kuna kitu. Nimembana chumbani mpaka kasema: Muhidin amebadilisha mwisho. Watazamaji wamempenda bibi! Wanaandika mtandaoni kwamba wanamwogopa kuliko jini. Kwa hiyo sasa anakuwa ndiye mwuaji kweli. Picha wanazo za kutosha, eti — watamwonyesha anatembea, kazi iliyobaki ni ya muziki.

Yaani yeye.

Nikamwambia akatae. Akasema kazi ya pili ataipata wapi? Nikamwambia atoe mlio basi. Akasema bila mlio hakuna filamu, kuna kikongwe anatembea.

Kikongwe!

Spika moja iko uani, imepasuka. Nimeitupa mimi, na ningetupa ya pili mama asingenishika mkono. Akamwuliza Joel, kwa upole kabisa, "Baba, kwani hao watoto nimewaua mimi?"

"Kwenye filamu tu, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia. Akaenda kuokota spika.

Jumatano, 18 Juni

Jackline ana homa. Nimempima, si malaria, ni kifua. Joel kaenda Moshi tangu asubuhi kutafuta spika nyingine. Nyumba kimya — hakuna redio, hakuna TV, hata majirani hawapo. Naandika hili ili lisije likanibadilikia kichwani.

Nilikuwa kwenye cherehani, mtoto mapajani. Mama kaingia na kikombe, mchaichai na tangawizi, kama alivyonichemshia mimi utoto wangu wote. Anakuja anatabasamu, kainama kidogo ili asimwage.

Nikausikia.

Naapa haukuwepo. Chumba cha Joel kimefungwa. Lakini niliusikia, toka mlangoni mpaka kwenye kiti changu, hatua kwa hatua na miguu yake. Na mkono wangu ukamvuta Jackline, ukamficha upande wa pili. Mkono wangu huu!

Mama akasimama. Akautazama mkono, akanitazama mimi.

Kisha mama yangu akainua kikombe akanywa yeye kwanza. Funda moja kubwa, akameza nione. Hivyo ndivyo wanavyofanya watu wanaoshukiwa kuweka sumu. Akakiweka juu ya meza ya cherehani, akatoka, kakaa barazani. Kanipa mgongo.

Nimwite? Nikimwita nitasema nini?

Jackline anakililia kikombe, ananyoosha vidole. Bado kinafuka moshi. Nakitazama huku naandika, na mpaka sasa sijampa.