Humoud ni wa Korti Ipi?

Jumatatu, 1 Juni 1931

Nimerudi kutoka kwa Liwali — bado mke wa Humoud! Miaka mitatu hajakanyaga hapa Kariakoo, hata salamu haleti. Nikasema nataka kuachishwa, nimechoka kuwa mke wa jina. Humoud kasimama na kilemba kipya. Ati yeye Mwarabu, raia wa Sultani wa Maskati, na baraza la Liwali ni korti ya wenyeji tu, halina nguvu juu yake. Liwali kafunga kitabu, kaniambia niende korti ya Wazungu. Humoud huyu kazaliwa hapa hapa mjini, mtaa wa Gerezani! Hiyo Maskati kaionea wapi?

Jumatano, 3 Juni

Korti ya Wazungu. Karani mmoja, Isidori, mtu mpole, kaniuliza kabila. Mzaramo. Basi kesi yako kwa Liwali, kasema. Nikamwambia mume Mwarabu. Basi lete hati yake. Na Humoud anasema hati zake ziko Maskati. Lo! Korti mbili, na mimi sina hata moja. Njia nzima, mpaka Mnazi Mmoja, najiuliza: mtu anakuwa wa Sultani kwa damu, kwa karatasi, au kwa kusema tu?

Alhamisi, 4 Juni

Nimepata! Chini kabisa ya sanduku la khanga — karatasi ya kiwanja cha nyumba hii. Viwanja vya mtaa huu hupewa wenyeji peke yao. Nakumbuka siku ile: alivua kilemba, akaazima kofia ya kaka yangu Seifu, ndipo akaenda kuandikishwa. Imeandikwa: Humoud bin Ubeid, Mswahili, mwenyeji wa Dar es Salaam. Na alama ya dole gumba lake.

Nimecheka peke yangu. Halafu nikaogopa. Akiwa mwenyeji, Liwali ataniachisha. Akiwa Mwarabu, kiwanja hakikuwa haki yake, tutanyang'anywa, na mama yangu analala chumba cha pili.

Jumatatu, 8 Juni

Naandika nikiwa kwenye ngazi za baraza. Liwali kaisoma karatasi mara mbili, kanirudishia, kisha kamuuliza: "Humoud, wewe nani?" Humoud kagusa kilemba chake. Nilimwonea huruma — kidogo tu. Liwali kampa nafasi, ajibu baada ya sala ya adhuhuri.

Sasa hivi kaja wifi yangu Mauza, kaketi karibu nami. Ati kaka yake yuko tayari kuniacha mwenyewe, leo hii, bila Liwali, mradi nimpe ile karatasi.

Nimeikalia.

"Ataniacha kama Mwarabu," nikamuuliza, "au kama mwenyeji?"

Mauza kafikiri. Kajifunga vizuri buibui lake, kainuka, kaenda kumuuliza.