Ramani ya Kichwa

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nyumbani hawajambo? Magoti yako yanasemaje? Mimi naendelea, ila nywele zimeanza kutoka. Juzi nimeamka mto umejaa nywele, jana nikioga zikaziba bomba. Daktari alisema wiki tatu tangu dripu ya kwanza ya kansa, na hazikuchelewa hata siku.

Pale posta meneja ameniita ofisini. Kaongea taratibu, utadhani anambembeleza mtoto aliyevunja kikombe. Ati niache dirisha la vifurushi, nikakae stoo kupanga magunia, wateja wasishtuke. Miaka saba dirishani, Baba, na nimekubali kwa dakika moja. Nimenunua vilemba viwili vyeusi. Nikichoka na stoo nitajifungia chumbani mpaka ziote.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia.

Binti yako,
Chiriku

9 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Magoti yapo, yananung'unika kila nikiinama kumnyoa mtu mfupi. Achana nayo.

Nisikilize. Nimekuwa kinyozi miaka thelathini na nane, na hili nalijua: usingoje zikutoroke moja moja. Chagua siku wewe, uzinyoe wewe. Wembe usiguse kabisa! Dawa hiyo inashusha kinga, mkato mdogo tu unakuwa balaa. Nakutumia mashine yangu ndogo, nimeisafisha kwa spiriti. Anzia kisogoni, panda juu polepole, ngozi ivute kwa mkono wa pili.

Nimekuchorea na ramani ya kichwa chako, maana nakijua kuliko changu. Nyuma ya sikio la kushoto kuna kinundu, kizunguke. Kisogoni kuna kovu la urefu wa ukucha, hapo mkono uwe mwepesi.

Na huyo meneja mwambie baba yako ameuliza, vifurushi siku hizi vinapokewa kwa nywele?

Baba yako

16 Machi

Baba,

Shikamoo. Za huko? Mashine imefika salama, na Jumamosi asubuhi nimenyoa, redio juu. Upande wa kulia nimelia, upande wa kushoto nimetukana, naomba radhi.

Sasa hiyo ramani yako! Nimepapasa nyuma ya sikio, kinundu hakuna. Kovu hakuna. Nimemwita jirani, fundi viatu, akague kwa macho yake. Anasema kichwa laini kama yai. Nikacheka mpaka mbavu zikauma: kinyozi mzima kamchorea mwanawe kichwa cha mteja!

Halafu nikasoma ulichoandika pembeni, kwa herufi ndogo: "Taratibu hapa, anaumia." Baba, wewe wateja unawageuza shingo kama mabomba. Hiki ni kichwa cha nani?

Nje bado natoka na kilemba, na bado niko stoo. Dripu ya wiki ijayo sijui kama nitakwenda. Kwenye ile foleni wanatoa macho, nachoka.

Binti yako

22 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Usiseme "naendelea". Barua hii nimeianza mara nne.

Kichwa hicho ni cha mama yako. Sikukusudia, mkono ulichora wenyewe. Ulikuwa na miaka minne, tukakwambia ni homa iliyomchukua. Haikuwa homa. Ilikuwa kansa, ya tumbo. Nywele zilipoanza kutoka nilimnyoa mimi, jikoni, pazia limefungwa. Akaniomba asionwe na mtu, nami nikadhani kumpenda ndiko huko. Dada zake walikuja nikawaambia amelala. Rafiki zake nikawarudisha mlangoni. Mwanamke aliyependa kucheka na watu vile, akabaki na mimi tu. Mwishowe hata hospitali akaacha kwenda, kwa sababu ya macho ya foleni, kama unavyosema wewe. Nami sikumburuta. Mlango niliufunga kwa mkono wangu huu, na sijawahi kujisamehe.

Kwa hiyo wewe sikusaidii kujificha. Umesikia? Kilemba vaa kwa baridi, vaa kwa urembo. Kwa woga, hapana! Dripu nenda. Nikasirikie utakavyo, lakini unikasirikie ukiwa dirishani.

Baba yako

14 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Mimi nilikukasirikia hata mwandiko wako sikutaka kuuona. Miaka ishirini na saba unaniambia homa! Mama yangu alipita njia hii hii, nami nikaachwa niipite kama kipofu. Bado nina hasira. Usidhani imekwisha.

Lakini ilikuwa nyingi, ikabidi niende nayo kazini. Stoo sikuingia. Nimekaa dirishani kwangu, kichwa wazi. Meneja akaja mbio, akaninong'oneza kuwa wateja watashtuka. Nikamjibu kwa sauti, "Washtuke, halafu wasaini hapa." Muuza mitumba aliyekuwa mbele akagonga kaunta: "Bosi, tuachie huyu. Tangu mmfiche stoo mnatupotezea mizigo!" Meneja akarudi ofisini kwake, mpaka leo yumo.

Dripu sikuikosa, nilichelewa siku mbili tu. Kwenye foleni walitoa macho, nami nikawatolea yangu.

Picha hii nimepigwa hapo dirishani. Ukutani kwako kuna lile bango la mitindo ya nywele, vijana kumi na wawili na namba zao. Nibandike, mimi ni namba kumi na tatu. Na wakikuuliza ni nani, Baba, usithubutu kusema homa.

Binti yako

21 Aprili

Chiriku wangu,

Marahaba, na hasira yako naipokea. Nimekubandika kwa gundi, si kwa pini, asije mtu akakubandua.

Leo asubuhi mwalimu mkuu kakaa kitini, duka limejaa. Akatazama ukutani, akauliza, "Namba kumi na tatu ni nani?" Nikazima mashine. Nikasema, "Binti yangu. Ana kansa, na saa hizi yuko kazini."

Basi nikaendelea, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza: nikawaambia na mama yake aliugua hiyo hiyo, na kwamba nilimficha. Jina lake nimelitaja, mwanangu. Kwa sauti, mara mbili.

Baba yako